Mkrismasi wa uani na bei ya kuushusha

Fundi wa chenso hakuanza kwa kuutazama mti. Aliegemeza mashine yake ukutani, akamwamkia shangazi, "Shikamoo mama," akapokea marahaba yake, kisha akaanza kuzunguka uani akikagua kila kitu isipokuwa mti wenyewe: bati la nyumba kubwa, bati la jiko, ukuta wa jirani, choo, tangi la maji, waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo ya barabarani hadi pembe ya paa. Akapima lango kwa hatua. Mwisho ndipo akainua uso juu, akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, magogo nani anabaki nayo?"

Hapo ndipo bei ilipoanza kupangwa.

Ilikuwa Juni, Sogea, hapa Tunduma. Shangazi yangu alikuwa na mikrismasi mitatu aliyoipanda kwa mkono wake mwaka ambao kitinda mimba wake alianza darasa la kwanza. Kitinda mimba huyo sasa ana watoto wawili. Miche aliinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara ikiwa kwenye viriba, kwa fedha ndogo kiasi kwamba haikumbuki. Alitaka kivuli, alitaka kukinga upepo unaovuma mkavu Juni hadi Agosti, na alitaka watoto wawe na tawi la kupamba kila Desemba bila kwenda kuomba kwa mtu. Yote matatu aliyapata. Lakini miti haikusimama hapo.

Fundi aliokota kijiti, akakikata kiwe sawa na umbali wa kutoka kiganja chake hadi jichoni, akakisimamisha wima mbele yake kwa mkono ulionyooka. Akaanza kurudi nyuma, nje ya lango, akavuka barabara ya mtaa, mpaka kijiti kikaonekana kulingana na mti kutoka shinani hadi kileleni. Umbali kutoka aliposimama hadi kwenye shina ndio urefu wa mti. Alihesabu hatua zake akirudi: mita 17 hivi. Kutoka shina hilo hadi ukuta wa jiko ni mita 6. Mti huo hauwezi kulazwa upande wowote. Lazima ushushwe kipande kwa kipande, na kila kipande kina mtu wa kukikata akiwa juu.

"Laki saba, mama. Huu wa kwenye waya peke yake laki tatu na nusu. Ule wa kati laki mbili, na wa nyuma laki na nusu."

"Mwanangu, laki saba? Mimi nauza vitenge, siuzi malori."

"Mama, bei ni maelewano. Ila njoo usimame hapa nilipo, utazame juu."

Shangazi akasimama, akatazama. Mimi pia nikatazama. Nilikuwa nimeiona miti ile maisha yangu yote, na siku ile ndiyo kwanza niliona kwamba kilele cha ule wa mbele kimeinamia nyumba.

Jambo ambalo wengi hatulihesabu tunapopanda ni kwamba mti hukua na mtaa nao hukua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao elfu 97 katika mji wa Tunduma. Sensa ya 2022 ikakuta wamezidi laki mbili na elfu kumi na tisa. Wafanyabiashara, madereva, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, mama lishe, wote wamekuja kuishi mguuni mwa mpaka na barabara kuu iendayo Zambia. Wakati shangazi anapanda, upande wa kulia kulikuwa na shamba la mahindi. Mti ungeanguka huko, mahindi yangeota tena. Leo kuna vyumba vya kupangisha vya bati jipya, na chini ya kila bati kuna familia. Mti ni uleule, ila mahali pa kuuangushia pamekwisha, na hapo ndipo fedha nyingi zinapokwenda. Mti wa urefu huohuo ukiwa katikati ya shamba kule Ileje, mtu mmoja mwenye chenso anaulaza kabla chai haijapoa.

Niseme kidogo kuhusu mti wenyewe, maana jina la mkrismasi hubeba miti zaidi ya mmoja. Huu wa shangazi ni ule ambao wataalamu huuita Cupressus lusitanica. Jina hilo linaunasibisha na Ureno, ilhali asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Ndugu yake wa karibu machoni petu ni msindano, Pinus patula, nao wa Meksiko vilevile, ambao umefunika vilima vya Sao Hill kule Mufindi na mashamba ya serikali ya Kawetire na Kiwira upande wa Mbeya. Nyanda zetu za Juu Kusini ziliipokea miti hii kama watoto wa nyumbani. Pahali penye mvua na baridi ya kutosha huweza kupanda mita nzima kwa mwaka. Mvinje wa pwani, wenye majani kama nywele, watu huuweka kundi hilohilo kwa sura yake, lakini kwa ukoo haumo.

Sasa kuna tabia moja ya mkrismasi na msindano ambayo mwenye uwanja akiijua mapema itamwokolea fedha nyingi. Mlingoti ukiukata, kisiki kinachipua, na miaka michache baadaye una milingoti minne pale palipokuwa na mmoja. Mkrismasi haufanyi hivyo. Ukikata shina usawa wa ardhi, umekwisha, hauhitaji dawa wala kuchimbua kisiki isipokuwa unataka kujenga hapohapo. Ndiyo maana fundi alipotaja nyongeza ya kung'oa visiki, nilimshauri shangazi aiache. Kisiki kitaoza chenyewe.

Lakini tabia hiyohiyo ina upande wa pili. Tawi la mkrismasi lina sehemu ya nje yenye majani mabichi, na sehemu ya ndani, karibu na shina, ambayo ni kahawia na tupu. Ukipunguza tawi ndani ya ile sehemu ya kijani, litaota tena na kufunga vizuri. Ukivuka mpaka ukakata kwenye kahawia, pale hapatafunikwa tena maishani. Nimeona ua wa mikrismasi uliokuwa pambo la nyumba ukigeuka kuwa safu ya vijiti vikavu kwa asubuhi moja ya panga, kwa sababu mwenye nyumba aliacha miaka minane ipite halafu akataka ua urudi kiunoni kwa siku moja. Ua wa mkrismasi hukatwa ukiwa bado mfupi kuliko urefu unaoutaka, hukatwa kidogokidogo kila mwaka, na chini huachwa pana kuliko juu ili jua lifike hadi matawi ya mwisho. Kazi hiyo ni ya mkasi wa bustani na kijana mmoja kwa nusu siku. Mti ukishapita paa, mkasi hauna kazi tena.

Na msindano ukiukata kichwa, haurudi kuwa mfupi. Matawi ya pembeni huinuka moja moja kugombea nafasi ya kilele, na baada ya miaka michache unakuwa na vilele vitatu vilivyoshikana vibaya, rahisi kupasuka kwa upepo. Mtu anayekwambia atakukatia kichwa tu kwa bei nafuu, muulize atarudi lini, kwa sababu lazima arudi.

Turudi uani. Maelewano yalichukua saa nzima na vikombe viwili vya chai. Walifika laki tano: miti miwili itashushwa, ule wa kwenye waya na ule wa kati, na wa nyuma utapunguzwa matawi yanayogusa bati la mpangaji wa jirani. Magogo ya mti mmoja yatakuwa ya fundi. Matawi yote yataondolewa. Nilimwomba fundi anieleze laki tano zinavyogawanyika, naye hakuficha. Mpandaji elfu themanini. Vibarua watatu wa kuvuta kamba na kuburuta matawi, elfu ishirini na tano kila mmoja kwa siku mbili. Petroli na oili ya mnyororo elfu arobaini na tano. Guta la kubeba matawi, safari nne, elfu arobaini. Elfu thelathini ya mnyororo mpya na tupa. Inayobaki ni yake, ya mashine yake na ya siku ambazo simu hailii.

Nililiwaza swali hilo la mgawanyo moyoni kwa siku mbili zote na bado sijapata amani nalo. Hata fundi simlaumu, kwa sababu chenso ikifa hana kazi. Lakini ukitazama ni nani anayeuweka mwili wake pale bei inapotoka, jibu ni mpandaji.

Alikuwa kijana mwembamba, wa miaka kama ishirini na mbili. Mkanda wake ulikuwa ule wa kufungia mizigo ya malori, mtaani kwetu haukosekani, ameuzungusha kiunoni na kwenye shina. Kofia ngumu hana. Viatu alivua, akasema miguu mitupu inashika gome vizuri. Mkrismasi una fadhila moja kwa mpandaji: matawi yake yameanzia chini, yamesongamana kama ngazi. Alipanda akiyakata kwa panga na kuacha vibutu vya urefu wa kiganja, ndivyo akakanyaga. Harufu ilishuka kabla yake, ile harufu kali tamu ya utomvu ambayo kwetu sote ni harufu ya Desemba, ikajaa uani katikati ya Juni.

Umeme ulikuwa umekatwa tayari. Hili shangazi alilifuatilia mwenyewe mapema, na nalisema kwa kila anayesoma: mti ulio karibu na waya, TANESCO waarifiwe kabla panga halijapanda. Tawi bichi limejaa maji, na maji hupitisha umeme. Wapo mafundi wanaosema watakwepa waya. Waya haukwepwi na mtu aliyefungwa kwenye shina linaloyumba.

Shina liliyumba kweli. Alipofika juu kabisa alifunga kamba kwenye kilele, akaitupa chini kwa wale watatu, akaanza kukata upande wa ndani, kisha wa nje. Fundi alikuwa chini akiongoza kwa mkono, bila maneno. Kilele kikainama taratibu, kikavunjika, kikaning'inia kwenye kamba, na kwa kupoteza uzito ule shina lote likarudi nyuma kama upinde uliofyatuliwa, kwenda na kurudi, na yule kijana amelikumbatia, uso ameuficha kwenye gome. Hakuna aliyezungumza uani. Shangazi alikuwa ameshika kanga mdomoni. Lilipotulia, kijana akapiga mluzi mmoja mfupi, na kamba ikaanza kulegezwa.

Baada ya hapo ilikuwa vipande. Ili kuelewa uzito wake, fanya hesabu hii ndogo. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita moja lina ujazo wa lita 125 hivi. Likiwa bichi, uzito wake hufika kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji. Angusha mifuko miwili ya saruji juu ya bati la jirani kutoka mita nane, uone. Kila kipande kilifungwa, kikakatwa, kikashushwa na watu watatu waliozungusha kamba kwenye shina la mti wa nyuma ili msuguano uwasaidie kushika. Siku nzima kwa mti mmoja.

Siku ya pili, kwenye shina la mti wa kati, chenso ililia vibaya na kutoa cheche. Fundi akaizima. Msumari. Ulikuwa umemezwa na mti, usawa wa kifua, hauonekani hata kidogo nje. Shangazi alikumbuka mara moja: aliugongelea mwenyewe kufungia kamba ya kuanikia nguo, zamani hizo. Mti hurefuka kwa kilele tu, shina hunenepa, kwa hiyo msumari ulibaki palepale ulipopigwa na mti ukaufunika mwaka hadi mwaka. Meno ya mnyororo yalikuwa yamekwisha. Nusu saa ya tupa, na bado haukurudi kama ulivyokuwa.

Msumari huo unajibu swali ambalo kila mwenye mti huuliza: kwa nini mbao zisilipe gharama? Mbao za mkrismasi ni nzuri, laini kuranda, zinafaa fremu na makabati. Lakini mti wa shambani hupogolewa ungali mdogo na hubanwa na wenzake ili unyooke bila matawi. Mti wa uani umekua peke yake, una matawi kuanzia magotini, na kila tawi ni jicho kwenye ubao. Una misumari, una waya wa bembea, una magogo mafupi kwa sababu ulishushwa vipande. Mwenye mashine ya kupasulia, zile dingdong zilizoenea Mufindi na Njombe, hawezi kuisafirisha kwa ajili ya magogo sita. Na magogo ukitaka kuyapeleka mbali, utahitaji kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hata kama mti ulikuwa wako. Kwa hiyo hesabu magogo kama punguzo dogo la bei. Mtu anayekuahidi kwamba mti utajilipa wenyewe hajapasua mbao za uani.

Mti uliokufa ndio ghali zaidi, ingawa wengi hudhani ni kinyume. Katika miaka ya 1980 mwishoni mikrismasi ya ukanda huu ilipata pigo la vidukari, wadudu wadogo wa kufyonza utomvu. Walionekana Malawi mwaka 1986, jirani zetu wa ng'ambo ya Mto Songwe, wakapita Tanzania, na kufikia 1990 walikuwa Kenya. Nyua na mashamba mengi yalikauka. Miaka ya 1990 wataalamu waliachia nyigu mdogo anayetaga mayai yake ndani ya kidukari, na shambulio likapungua ingawa wadudu hawakutoweka. Ukiona mkrismasi unakauka kuanzia matawi ya ndani na kubadilika kuwa wa rangi ya kahawia, usingoje uishe. Tawi kavu halibebi mtu, na mpandaji mwenye akili hataupanda.

Kule Uingereza suala la miti inayomsumbua jirani lilifika bungeni. Majirani waligombana kwa miaka mingi juu ya nyua za aina moja ya mkrismasi ikuayo haraka sana, mpaka sheria ya mwaka 2003 ikaanza kutumika huko mwaka 2005: ua wa miti miwili au zaidi ya kijani cha kudumu ukizidi mita 2 na kumzibia jirani mwanga, jirani anaweza kulalamika halmashauri, kwa ada, na mwenye ua akaamriwa kuupunguza. Sisi tuna mwenyekiti wa mtaa, na tuna baraza la kata ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kuhukumu. Nadhani katika jambo la mti hilo linatosha, ikiwa majirani watazungumza mti ukiwa bado na urefu wa mtu. Jirani wa shangazi, yule mwenye vyumba vya kupangisha, alichangia elfu hamsini bila kuombwa. Alisema mvua za Novemba zilimnyima usingizi miaka mitatu.

Kuna sheria nyingine inayonihusu zaidi mimi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko ambao ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri huuchangia, na mfanyakazi akiumia kazini mfuko humtibu na kumlipa. Yule kijana kwenye shina hayumo katika daftari la mwajiri yeyote. Siku mbili yuko kwa shangazi, siku moja yuko kanisani, wiki nzima hana kazi. Akianguka, gharama ya mti huo italipwa na mama yake, kwa miaka. Tunapoita mafundi wawili watatu na kumchagua wa bei ya chini, mara nyingi kilichopunguzwa ni kamba ya pili, kofia, na mtu wa tatu wa kushika. Muulizeni fundi anavyo nini kabla hamjamuuliza bei. Mimi sikuuliza. Niliona mkanda wa lori nikanyamaza.

Jioni ya siku ya pili kijana alishuka mara ya mwisho. Mikono yake ilikuwa nyeusi kwa utomvu mpaka viwikoni, akaiosha kwa mafuta ya taa kwenye kikopo, kisha kwa sabuni. Shangazi alimwita pembeni, akamfumbatisha noti. Sikuona ni kiasi gani. "Usimwonyeshe fundi wako," alimwambia, "ni ya kofia. Ukija kumalizia ule wa nyuma mwakani nataka nikuone nayo."

"Nitakuja nayo, mama."

Uwanja ulikuwa na mwanga ambao hatukuuzoea. Mifereji ya bati, iliyokuwa imejaa majani makavu na kuanza kushika kutu, ilionekana yote. Asubuhi yake shangazi alinituma kununua mche wa parachichi, ule wa kubebeshwa, na alipoupokea hakuniachia niupande. Aliweka mgongo kwenye ukuta wa jiko, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti kuelekea katikati ya uwanja. Kwenye ya saba akasimama, akatazama juu kuutafuta waya, akasogea hatua mbili zaidi, akachomeka kijiti.